Gari la Mbio, Kibao cha 50

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ofisini kwetu nimekuwa mtu wa kutaniwa. Zamani ikitangazwa safari ya kikazi ya Dodoma, kuna waliokuwa wakinisogelea mapema wapate kiti kwenye gari langu. Siku hizi wanakata tiketi, wanasinzia, wanaamka wamefika. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na hakuna askari anayejibanza nyuma ya mti kuipiga tochi. "Dada, sasa hayo magari yako ya mbio ya nini?" ndiyo imekuwa salamu ya asubuhi. Mhasibu mwenzangu alifika mbali zaidi: alikaa chini akajumlisha mafuta, faini na uchovu, akanionyesha kwenye karatasi kwamba sina tena hoja.

Hesabu yake haina kosa. Treni hiyo naipanda hata mimi, na naifurahia. Lakini yeye anadhani gari la mbio hununuliwa ili mtu awahi. Nimewahi kumiliki magari matatu ya aina hiyo, na sasa nina la nne, Suzuki Swift Sport ndogo isiyomtisha mtu, na sikumbuki hata moja lililoniwahisha popote.

Mapenzi yenyewe yalianzia kwenye gari lililosimama. Mwanzoni mwa miaka ya 80, nchi ikiwa haina fedha za kigeni za kununulia mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mjomba wangu wa Morogoro alikuwa na Peugeot 404 kuukuu, yenye gia pembeni mwa usukani na tundu la hendeli mbele, kwa siku ambazo betri iligoma. Saa nane ikifika, 404 iliingia chini ya mwembe, boneti juu, na mimi nikaitwa. "Mjomba, njoo ushike hiki." Tuliitana mjomba kwa mjomba, yeye na mimi, na hakuna siku aliyoniambia kazi hii si ya wasichana. Sina hakika kama wazo hilo liliwahi kumpitia kichwani.

Alifungua kifuniko cha valvu, akanipa kijibati chembamba cha kupimia upenyo, nikawa nakipitisha huku yeye akizungusha injini kwa hendeli taratibu. Plagi nilizisugua mimi. Alinifundisha kuzisoma kabla ya kuzisugua: ncha ya kahawia hafifu, injini ni nzima, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi hewa, nyeupe, kuna joto linalotafuta pa kutokea. Gari lilikuwa halitembei, wala halingetembea hadi kesho yake, na bado jioni nzima tulikuwa tumo ndani yake.

Mikono ikiwa na grisi, alisimulia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wanayahesabu kuwa ya Kenya. Mjomba hakukubali kabisa, kwa sababu mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. "Kama hii hii," alisema akilipiga bodi kofi. Haikuwa kama hii. Ya Shankland ilikuwa ikipulizwa petroli kwa pampu, yetu ilikuwa na kabureta inayovuja. Nilimwachia.

Miaka aliyoipenda zaidi ilikuwa 1963 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki, mara zote mbili kwa 404. Na katikati hapo, 1965, Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo iliyokuwa imeshaendeshwa na mwingine katika Safari ya mwaka uliotangulia, mtumba kwa lugha yetu ya leo. Katika masimulizi yote hayo sikumbuki mjomba akitaja gari lilikimbia ngapi. Alitaja springi zilizokatika za wengine, radieta zilizotobolewa na mawe, magari yaliyozama kwenye tope jeusi, kisha akataja waliobaki. Nilikua nikijua kwamba mshindi ni yule ambaye gari lake halijavunjika, na ilinichukua muda kugundua kwamba vijana wenzangu walikuwa wamelelewa kwa imani nyingine.

Gari langu la kwanza la mbio, mwaka 2002, lilikuwa Toyota Starlet Glanza V. Kwa sura ni Starlet tu, ile ile iliyojaa mjini, na mara mbili tatu nilipungiwa mkono na abiria waliodhani ni teksi. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,331 yenye turbo, nguvu za farasi 135, katika gari lisilofikia tani moja. Nililipenda kwa wepesi kuliko kwa turbo. Gari jepesi linatii: ukigusa usukani limegeuka, ukigusa breki limesimama, na tairi zake unazinunua bila kukopa. Wanaume wenye magari makubwa ya farasi wengi walishangaa kwenye mataa ya Ubungo, lakini hilo lilikuwa la dakika chache. Kilichobaki ni kwamba tangu hapo, gari lolote nikilitazama, nauliza kwanza lina kilo ngapi.

Niliuza Starlet kwa sababu nilitaka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hiyo ilikuwa 2008, na gari ni Toyota Altezza.

Yadi nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo hata leseni hakuwa nayo. Muuzaji alimweleza yeye kila kitu. "Bosi, hii ina gia sita. Bosi, mafuta inakula kidogo." Mdogo wangu aliitikia kwa adabu. Nilipouliza mimi kama ni RS au AS, muuzaji alinijibu, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, kwamba Altezza ni Altezza. Nikafungua boneti. Zilikuwepo mbili pale, moja ya silinda sita na moja ya silinda nne, na ile ya nne ilikuwa imepangiwa bei ya chini kidogo, kwa kuwa kwa akili ya kawaida sita ni nyingi kuliko nne. Lakini ile ya sita, AS200, ina farasi 160. Ya nne, RS200, ina valvu za titani na farasi 210. Ndilo gari lililoipa Altezza jina, hadi ikachaguliwa Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999. Nililipa bila kujadiliana sana. "Shemeji ana bahati," muuzaji alimwambia mdogo wangu wakati wa kuagana. Hadi leo hatujui shemeji alikuwa nani.

Injini ile ilikuwa na tabia moja: farasi wake wote 210 walikuwa juu, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Chini ya hapo ni gari la mzazi anayepeleka watoto shule. Sasa fikiria barabara ya kwenda mkoani Tanga. Kibaha, kibao cha 50. Mlandizi, 50. Chalinze, 50, na askari wenye tochi. Msata, Mkata, Kabuku. Kijiji kinaisha, unapandisha gia, na kabla mshale haujatulia kuna kibao kingine, watoto wa shule, ng'ombe, mtu na baiskeli yenye magunia ya mkaa. Faini ni shilingi 30,000, na si hoja ya msingi. Hoja ni wale watoto. Kwenye mwendo wa 50 mzunguko wa Altezza haukufika hata 3,000. Nilikuwa na saa nzuri za kuangalia, maana dashibodi yake imetengenezwa mithili ya saa ya mkononi, na injini iliyosinzia njia nzima.

Kisha ukifika Mombo unakata kulia kwenda Lushoto.

Barabara ile ilichongwa mlimani enzi za Wajerumani. Ni kilomita thelathini na kidogo, inapanda kutoka joto la bonde hadi mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona ambazo huoni mwisho wake hadi uko ndani yake. Hakuna mtu mwenye akili anayekimbia pale. Basi linakuja katikati ya njia, kina mama wamebeba kuni, maji ya mvua yamebeba kokoto yakazimwaga kwenye lami. Unapiga honi kabla ya kila kona. Mwendo wangu ulikuwa 40, mara chache 50.

Na kwenye 40 ile Altezza iliamka. Gia ya pili, kona ya kushoto, unaachia breki kidogo kidogo huku usukani ukiingia, unasikia uzito ukihama kutoka mbele kwenda bega la kulia la gari, unarudi kwenye petroli kabla kona haijaisha, nyuma inasukuma, injini inapanda sauti, gia ya tatu, breki, ya pili tena. Kila kitu ambacho mhandisi alikifikiria kilikuwa kinafanya kazi kwa wakati mmoja, ndani ya sheria, kwenye mwendo ambao treni yetu ingeuonea aibu. Nilifika Soni nikiwa natabasamu peke yangu, na yule mama aliyeniuzia tunda damu pale aliniuliza kama natoka harusini.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini mshale wa spidi. Furaha ya kuendesha inatoka kwenye kona na kubadilisha mwendo. Barabara iliyonyooka, hata uikimbie vipi, baada ya dakika tano ni kelele tu. Wenzetu wanaokwenda 160 kati ya Chalinze na Morogoro usiku hawaendeshi zaidi yangu. Wanasubiri zaidi, tena wakiwa na hatari kubwa.

Safari ile ilikuwa na nusu ya pili. Wakati wa kushuka, chini kidogo ya Soni, pedali ya breki ilianza kuwa laini. Gari lilisimama, lakini pedali ilizama kuliko kawaida, na kona iliyofuata ikazama zaidi. Nilishuka gia ya pili, nikaiacha injini ishike gari, nikapata pa kuegesha, nikakaa hadi magurudumu yakapoa. Harufu ilikuwa ya pedi zilizoungua, lakini pedi hazikuwa tatizo. Oili ya breki iliyokuwemo ndiyo iliyokuja na gari kutoka Japani, na hakuna aliyejua ina miaka mingapi. Oili hiyo hunywa unyevu wa hewa, kimya kimya, hata gari likiwa limeegeshwa. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki hadi nyuzi 230. Ikishakunywa maji, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Mlima mmoja mrefu unatosha kuifikisha huko. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, kwa hiyo mguu wako unabonyeza mvuke na diski hazina habari.

Nilirudi Dar nikaibadilisha, chupa moja ya bei ndogo kuliko tangi la petroli. Gereji ile kulikuwa na Altezza nyingine tatu, zote zimefungwa ekzozi kubwa zinazonguruma, na nilipouliza zilibadilishwa lini oili ya breki, wenyewe walicheka wakidhani natania. Hesabu za kusimama ni za kidato cha nne: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne. Gari zuri lenye tairi nzuri, kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 40 kusimama kutoka 100. Kutoka 160 linahitaji zaidi ya mita 100, na hapo sijahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa mwendo huo ni mita 44 nyingine. Punda wa Mkata yuko karibu zaidi ya hapo.

Baada ya Altezza nilinunua Subaru Impreza WRX, mwaka 2014, na hii ndiyo iliyonifundisha gharama.

Ilikuja na tairi ambazo muuzaji alizisifu kwa meno marefu. Niliinama nikazisoma. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilikuwa na umri wa miaka sita. Tena zilikuwa tairi za theluji, laini, zilizotengenezwa kwa barafu ya kaskazini mwa Japani, zikiwa na herufi Q, maana yake mwisho wake ni 160. Kwenye lami ya Dar ya saa saba mchana zilikuwa zikilia hata kwenye kona ya kuingia sokoni. Na Subaru inasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi zinatakiwa zilingane. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizolika, kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma hakipumziki, kinapata joto hadi kife. Nilinunua nne kwa mkupuo. Bei sitaitaja, mume wangu husoma ninachoandika.

Injini yenyewe imelala. Silinda mbili kushoto, mbili kulia, pistoni zinapigana ngumi za ubavu. Kwa hiyo gari lina uzito chini na linashika barabara vizuri, na kwa hiyo pia plagi zimeelekea kwenye kuta za boneti, ambako mkono wa binadamu hauna njia. Fundi wangu wa Kinondoni, mtu wa makamo asiyependa maneno, alizitoa kwa kuingia karibu mwili mzima. "Dada, aliyeitengeneza hii hakuwa na mpango wa kuirudia," alisema. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa ukikaribia kilomita 100,000, bila mjadala, kwa sababu ukikatika valvu na pistoni zinakutana. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani waliniuzia mkanda kwa bei nzuri mno. Fundi aliupindua, akaunusa, akanirudishia. Feki. Nilirudi Gerezani, tukagombana kidogo, nikanunua mwingine kwa bei mbaya.

Kuna kijana alikuwa akija gereji hapo na kompyuta ndogo. Kazi yake ni kuongeza msukumo wa turbo: anachomeka waya, anabonyeza, gari linaongezeka farasi 40 au 50 mchana mmoja. Alinitajia bei, ikawa chini ya ile ya tairi mbili. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Ni fundi aliyesogea akifuta mikono, akaniuliza mbele ya yule kijana naweka petroli gani. Injini ile ilipangwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, okteni karibu 100; pampu nyingi za kwetu hazifiki huko. Petroli hafifu ikibanwa sana hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, na kwenye injini hizo kinachokatika kwanza ni ukingo mwembamba unaoshikilia ringi za pistoni. "Mimi nitakula," fundi alisema. "Kuifungua injini ni hela kwangu. Ila usifanye." Katika miaka yote ya kuzunguka gereji, sijasikia ushauri uliomgharimu mtoaji wake kama huo. Kijana hakukasirika, alihamia gari la pili yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia wanaonitaka ushauri kwamba wasianze na gari. Watafute fundi kwanza, mtu anayeweza kukukatalia, kisha wamuulize yeye anajua magari gani, halafu ndipo waende yadi. Wengi hunishukuru na kwenda yadi.

Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kwenye foleni ya Mwenge Subaru ilikunywa kana kwamba iko mashindanoni. Niliitangaza. Alikuja kijana mmoja na marafiki zake watatu. Swali la kwanza: "Mama, inafika ngapi?" Nilimjibu 180, kwa sababu gari la soko la Japani hukatwa hapo kiwandani, iwe na farasi wangapi. Alinitazama kama niliyemdanganya. Nilimpa faili la risiti, mkanda, tairi, oili kila baada ya kilomita 5,000, akalishika bila kulifungua na kuomba niwashe, akanyage petroli gari likiwa limesimama, asikie. Injini ilikuwa ya baridi. Nikamwambia gari limeshapata mtu.

Halikuwa limepata mtu. Mtu alikuja wiki iliyofuata, muuguzi aliyestaafu, peke yake, asubuhi mapema, na akaomba radhi kwa kuja mapema: alitaka kulikuta kabla halijawashwa. Aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha. Alifungua kifuniko cha radieta akaangalia rangi ya maji. Kisha akakunja suruali, akachuchumaa, akazunguka gurudumu hadi gurudumu akisoma zile tarakimu nne, na alipofika la mwisho akaniuliza oili ya breki ilibadilishwa lini.

Nilimpunguzia laki tano kabla hajaomba.